Mto Uliopigiwa Hesabu: Ruaha, Mtera na Kompyuta Iliyochelewa

Mvua inayonyesha Mufindi, mkoani Iringa, haina njia moja ya kwenda baharini. Mji mdogo wa Igowole umekaa katika nchi hiyo ya juu, kwenye barabara inayoachana na barabara kuu pale Nyololo na kuelekea Kibao hadi Mgololo, eneo la chai, viazi na miti ya mbao. Maji ya miinuko hii hugawanyika. Mengine hushuka kaskazini na kuingia Ruaha Mdogo, mto unaopita mjini Iringa. Mengine hufuata Ndembera kuelekea magharibi, hupita Madibira na kutandaa katika tambarare ya Usangu. Mengine huporomoka upande wa pili wa ukingo wa milima, yakaingia Kihansi na kisha Kilombero. Yote hukutana Rufiji. Mkulima anayemwagilia kinyungu chake, yaani bustani ya bondeni, mwezi wa Agosti anatumia maji ambayo, mbali huko chini, mhandisi amekwisha kuyaandika katika hesabu ya umeme.

Nani alipiga hesabu hizo, na kwa chombo gani? Swali hilo linaweza kuonekana la wataalamu peke yao. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini watu wa nyanda za juu kusini wamelaumiwa, wametozwa ada na wengine wamehamishwa kwa sababu ya majibu yake.

Tuanze na vitabu. Katika miaka ya 1950 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifanya upimaji mkubwa wa bonde la Rufiji, na mwaka 1961 likatoa taarifa katika juzuu saba. Shabaha kubwa ilikuwa umwagiliaji: wapi pana udongo mzuri, wapi maji yanaweza kutolewa mtoni. Usangu ilionekana wazi katika mipango hiyo, tambarare pana inayopokea mito kutoka Poroto, Kipengere na Mufindi, yaani Kimani, Chimala, Mbarali, Ndembera na mingine. Miaka michache baadaye wahandisi wa Sweden, kampuni ya SWECO ikiwa mshauri, waliutazama mto uleule kwa jicho jingine. Wao waliona maporomoko ya Kidatu, pale Ruaha Mkuu unaposhuka kwa kasi kuelekea bonde la Kilombero. Hivyo maji yaleyale yalipangiwa kazi mbili, mpunga juu na umeme chini, na mwanzoni mipango hiyo haikuwekwa pamoja katika hesabu moja. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tatizo lote lilipozaliwa.

Hesabu yenyewe ni rahisi kuieleza. Chukua maji yaliyokuwamo bwawani mwanzo wa mwezi. Ongeza yaliyoingia kutoka mtoni. Toa yaliyokwenda na jua, toa yaliyopita kwenye mitambo, toa yaliyomwagika kwa kuwa bwawa limejaa. Kinachobaki ndicho unachoanzia mwezi unaofuata. Mwaka 1883 Wenzel Rippl, mhandisi wa Austria, alionyesha namna ya kuifanya kazi hiyo kwa mchoro: unajumlisha maji ya mto mwezi baada ya mwezi, unachora mstari, na kutoka kwenye mstari huo unasoma bwawa liwe na ukubwa gani ili lisikauke. Kwa miongo mingi mabwawa ya dunia yalipimwa kwa penseli hiyo. Udhaifu wa mchoro ni kwamba unajibu swali moja kwa wakati. Ukitaka kujua itakuwaje mabwawa yakiwa mawili, mvua ikichelewa, wakulima wakiongeza mashamba na mitambo ikiongezwa, utachora hadi uchoke.

Kompyuta ndiyo iliyoondoa uchovu huo, na miongoni mwa mito ya kwanza kuingizwa ndani yake ni mto wenye chanzo katika Afrika Mashariki. Mwaka 1958 H. A. W. Morrice na W. N. Allan, waliokuwa washauri wa serikali ya Sudan, walitoa mpango wa bonde zima la Nile. Walichukua kumbukumbu za miaka mingi za maji ya mto, wakaziingiza katika kompyuta ya IBM, kisha wakaijenga Nile kwa tarakimu: mabwawa yaliyokuwapo, mabwawa ambayo bado yalikuwa mawazo, na Ziwa Victoria likiwa tangi la juu kabisa. Waliyafungua na kuyafunga malango ya mabwawa ambayo hayajajengwa, wakaona nani angepata maji na nani angekosa. Huo ndio uigaji wa kompyuta: kuujenga mradi katika hesabu, kuupitisha kwenye miaka ya neema na miaka ya ukame, kuuacha ushindwe huko kwenye hesabu ambako hakuna anayelala gizani.

Tanzania ilifikia hatua ya kujenga Kidatu ikiwa haina uigaji huo mkononi. Wizara ya Fedha iliweka kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ya ICT, kampuni ya Uingereza. Baadaye ilijaribu kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine, na jaribio hilo likaishia katika vurugu na hasara. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ilidumu muda mrefu. Siilaumu, nchi changa iliyopoteza fedha zake ilikuwa na haki ya kuogopa. Lakini maana yake ni kwamba katika miaka ileile ambayo maamuzi makubwa kuliko yote kuhusu mto Ruaha yalikuwa yakifanywa, uwezo wa kuyahakiki kwa njia hiyo ulikaa nje, katika ofisi za washauri, na waliobaki na bwawa walibaki na ripoti zilizochapwa tu.

Kidatu ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975 kwa megawati 100, na kufikia 1980 uwezo ulikuwa umepanda hadi megawati 204. Bwawa la Kidatu lenyewe ni dogo. Maji ya kuitunza mitambo hiyo wakati wa kiangazi yalipaswa kuhifadhiwa juu zaidi, na ndiyo sababu ya Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma. Lilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, Mtera lilikuwa ziwa jipya katika nchi kame, lenye uwezo wa kutunza kiasi cha mita za ujazo bilioni tatu za maji ya kutumika, likitandaa kilomita za mraba zaidi ya 600 linapojaa. Ziwa pana na la kina kifupi, chini ya jua la Dodoma: maji mengi hupaa hewani kabla hayajafika kwenye mtambo wowote. Kazi yake ya awali ilikuwa moja, kulimbikiza maji ya masika na kuyaachia polepole kwa ajili ya Kidatu. Mwaka 1988 likaongezewa mitambo yake, megawati 80. Tangu hapo Mtera likawa na mabwana wawili. Kidatu inataka maji yatunzwe mpaka yatakapohitajika. Mitambo ya Mtera inataka maji yapite leo, tena yawe juu ya mita 690 kutoka usawa wa bahari, maana chini ya hapo imewekewa kusimama.

Huko Usangu nako mambo hayakusimama. Shamba la mpunga la Mbarali lilijengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, Kapunga likafuata mwishoni mwa miaka ya 1980, na pembeni ya mashamba hayo ya serikali wakulima wadogo wakachimba mifereji yao, wakajenga mabanio yao, wakafungua majaruba. Wafugaji walikuwa wamehamia na ng'ombe wao. Mwishoni mwa 1993 Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko walibanana kwenye madimbwi. Tangu miaka hiyo kukauka kwa mto wakati wa kiangazi kukawa jambo la kila mwaka.

Mwaka 1992, na tena 1994, nchi iliingia katika mgawo wa umeme. Bwawa la Mtera lilikuwa limeshuka vibaya. Mambo mawili yalikuwa yakionekana kwa macho: mto umekauka juu, bwawa limekauka chini. Kuyaunganisha lilikuwa jambo rahisi mno. Mkulima wa Usangu amekula maji ya umeme. Mfugaji ameharibu kinamasi cha Ihefu. Mwenye kinyungu milimani amekausha chemchemi. Maneno hayo yalirudiwa maofisini na magazetini hadi yakawa ukweli unaojulikana na kila mtu.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niiheshimu kazi ya uigaji. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye programu ya uhandisi wa rasilimali za maji, mtafiti D. K. Yawson na wenzake waliamua kulipeleka shauri hilo kwenye hesabu. Walitumia TALSIM, programu ya kuiga mabwawa iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha ufundi cha Darmstadt, Ujerumani. Waliyaingiza Mtera na Kidatu kama mfumo mmoja, wakaupa maji yaliyopimwa, jua lililopimwa na mahitaji ya mitambo, kisha wakauendesha upya kupitia miaka ya mgogoro. Kama bwawa la kwenye kompyuta lingekauka sawasawa na la kweli, basi mto ndio wenye lawama. Halikukauka hivyo. Walichokiona ni kwamba kushindwa kwa Mtera kati ya 1991 na 1994 kulitokana na maji yaliyoachiwa bwawani bila kuonekana katika hesabu, na pengine bila lazima.

Jinsi maji yanavyoweza kuachiwa bila lazima ni jambo gumu kuamini kwa anayesimama Mtera. Kati ya Mtera na Kidatu kuna mito mingine, kama Lukosi, inayoshuka kutoka Udzungwa. Wakati wa masika mito hiyo peke yake huweza kuleta maji mengi Kidatu. Maji yanayoachiwa Mtera katika miezi hiyo hukuta bwawa dogo la chini limeshashiba, hupita juu yake na kwenda zake Rufiji bila kuzungusha mtambo wowote wa Kidatu. Yakikosekana mwezi wa Novemba, hakuna anayekumbuka kwamba yalipita Aprili.

Ushahidi wa upande wa pili ulitoka Usangu kwenyewe. Mradi wa SMUWC, uliofanya kazi huko kati ya 1998 na 2001, ulipima mito, ukasoma picha za angani, ukazungumza na watumiaji. Hitimisho lake lilitenganisha mambo mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja. Kweli, mifereji ya kiangazi ndiyo iliyokausha mto hifadhini. Wakulima waliendelea kuchota hata wakati mpunga hauhitaji, na maji yakaenea mashambani bila faida. Lakini Mtera halijazwi na kiangazi. Hujazwa na mafuriko ya masika, na mto wa Agosti, hata ungekuwa hai, ungeongeza kidogo tu. Tena Usangu si chanzo pekee cha bwawa: inaleta kiasi cha asilimia 56 ya maji, Kisigo 26, na Ruaha Mdogo 18. Kiu ya viboko na giza la Dar es Salaam yalikuwa matatizo mawili tofauti, yenye sababu mbili tofauti.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo lawama zilikoma. Hazikukoma. Machi 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza London kwamba Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Kuanzia 2006, mwaka ulioanza kwa mgawo mwingine mkali, wafugaji wa Usangu na Ihefu waliondolewa na mifugo yao na kuelekezwa mikoa ya mbali kama Lindi. Mwaka 2008 pori la akiba la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Mwaka 2010 ulifika na kupita, mto ukiendelea kukauka. Ripoti za wataalamu zilikuwapo. Zilikuwa katika Kiingereza, zenye majedwali, na hazikuwa mikononi mwa mtu aliyekuwa akiswaga ng'ombe wake barabarani.

Wakati huohuo modeli nyingine ilitoa jibu ambalo halikumpendeza mtu. Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake waliiga kinamasi cha Ihefu kana kwamba ni bwawa la asili, kwa sababu kweli maji hutoka humo pale tu yanapofika juu ya kizingiti cha mwamba kwenye mlango wake. Walikuta kwamba ili hifadhi ipate nusu mita ya ujazo kwa sekunde wakati wa kiangazi, mito inapaswa kupeleka Ihefu kama mita saba. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupotea kwa jua na majani ya kinamasi. Kwa mkulima aliyeombwa kufunga banio lake, tarakimu hiyo inauma, lakini ni afadhali kuombwa kwa tarakimu kuliko kwa shutuma.

Palikuwa na jitihada ya kuupeleka uigaji vijijini, na hiyo ndiyo sehemu ya historia hii ninayoipenda zaidi. Mradi wa RIPARWIN, ulioanza 2001 kwa ushirikiano wa Sokoine, Chuo Kikuu cha East Anglia na taasisi ya kimataifa ya usimamizi wa maji, ulitengeneza programu ya kompyuta ya kusaidia maamuzi ya bonde. Sambamba nayo Bruce Lankford alileta ubao. Ubao mrefu wa mbao, umeinamishwa, umechongwa mto katikati na mifereji pembeni. Maji ni gololi. Mabanio ni vijiti vya kuweka kando au kukatisha mto. Wanakijiji hukaa kila mmoja kwenye mfereji wake, gololi humwagwa kutoka juu, na kila mtu hujitetea. Mzunguko wa kwanza wa juu wanajaa, wa chini wanabaki na mashimo matupu. Halafu mazungumzo huanza: kwa nini banio lako linakatisha mto mzima? Gololi ulizobaki nazo ulizitumia wapi? Mara nyingine watu hubadilishana nafasi, wa juu akakaa chini. Kwenye ubao ule kila mtu aliweza kuukagua mpango, kuubishia na kuujaribu upya, bila kusubiri mtaalamu atafsiri. Kwa asili yake TALSIM na ubao ule ni ndugu; tofauti kubwa ni wingi wa gololi.

Lakini modeli huona kile ilichoulizwa tu. Kihansi, kwenye ukingo wa milima inayoanguka kutoka Mufindi kwenda Kilombero, ni somo chungu la jambo hilo. Nchi ilihitaji umeme haraka, mto ulikuwa wa kutegemewa, na mteremko wa mamia ya mita ulimaanisha bwawa dogo tu lingetosha. Hesabu ya megawati ilikuwa nzuri: 180, mitambo ikikamilika mwaka 2000. Mwaka 1996, ujenzi ukiendelea, wanasayansi walimkuta korongoni chura mdogo wa rangi ya dhahabu, aliyeishi kwenye ukungu wa maporomoko na si mahali pengine popote duniani. Katika hesabu za mto hapakuwa na safu ya ukungu. Maji yalipoelekezwa kwenye handaki, ukungu ukatoweka. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani. Mwaka 2001 mabomba ya kunyunyizia yakafungwa korongoni ili kuiga maporomoko. Mwaka 2003 waliobaki walikufa karibu wote, ugonjwa wa kuvu ukiwa mmoja wa washukiwa. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, na kuanzia 2012 uzao wa wale wa Marekani ukaanza kurudishwa korongoni. Kama swali la ukungu lingeulizwa miaka ya kupanga, lingegharimu mistari michache ya hesabu.

Siku hizi kompyuta si anasa, na Rufiji imeigwa mara nyingi. Watafiti wa mradi wa UMFULA, Kashaigili akiwamo, waliendesha bonde lote kwa pamoja, Usangu, Mtera, Kidatu, Kihansi na bwawa kubwa lililokuwa bado linajengwa chini, chini ya hali nyingi za hewa zijazo na kanuni mbalimbali za kufungulia maji. Mara hii ujenzi na uigaji vilikwenda pamoja. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022 na mtambo wake wa kwanza ukaanza kuzalisha Februari 2024. Aprili mwaka huohuo mafuriko yaliingia vijiji vya Rufiji na Kibiti. Wakazi walilalamikia maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ikaeleza kwamba mvua ilikuwa kubwa kupita kawaida na kwamba bwawa lilipunguza madhara.

Mabishano hayo yana mahali pa kupelekwa. Rufiji ya chini ina wakulima wa mlau, wanaopanda mahindi kwenye udongo ambao mafuriko yameuacha ukiwa na unyevu. Wao hawataki mto usifurike kabisa; wanataka ufurike kwa kiasi, tena katika mwezi wake. Kuiendesha upya Aprili 2024 katika kompyuta, mara moja bwawa likiwapo na mara moja bila bwawa, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa vyuo vyetu, kama ilivyokuwa kwa Mtera. Inahitaji vipimo vya kila siku vya malango, viwekwe wazi. Inahitaji madaftari ya wasoma vipimo, watu wa vijijini wanaoshuka mtoni asubuhi na jioni kuandika kina cha maji kwa malipo madogo, kuanzia Ndembera na Ruaha Mdogo huku Mufindi hadi Rufiji, kwa maana siku ambayo mmoja wao hakwenda ni siku ambayo modeli italazimika kubahatisha. Kisha matokeo yapelekwe Utete, huko Rufiji, kwa Kiswahili, yakiwa na ubao na gololi, na wakulima wa mlau waseme wenyewe ni mwezi gani wanataka malango yafunguliwe, na kwa kiasi gani.